Mlango Uliojifunza Kuitikia Hodi

Ninyi mnaotengeneza programu za simu kwa mkono mmoja huku wa pili uko kwenye sahani ya chipsi, hebu kaeni kidogo. Mimi ni Wakesho, fundi wa kompyuta mstaafu. Miaka kumi na minane nilikuwa Doha, na sasa niko kwetu Voi na magoti yanayolalamika kuliko mimi mwenyewe. Kila mara naulizwa mchezo wa Mnara ulianzaje, na kila anayeusimulia hunipa mimi sifa zote. Nimewaacha waseme, maana sifa hazina mzigo. Lakini uzee umenifanya niwe mkweli, kwa hiyo leo sikilizeni.

Nitaanzia karibu na mwisho, kwa sababu ndiko nilikocheka zaidi.

Kampuni yetu ilikuwa inapeleka walinzi kwenye majengo makubwa ya Doha. Walipotaka mchezo uhamie kwenye simu za kisasa walimwajiri Kevo, mtaalamu kutoka Nairobi mwenye digrii mbili na ndevu za wiki tatu. Kevo aliupamba. Akatia picha, rangi, hata sauti ya lifti. Siku ya majaribio tukamketisha Rehema, mlinzi mpya kutoka Tanga, kwenye ukumbi wa mafunzo kule Sanaiya, ndivyo tunavyoliita eneo la viwanda. Simu ikamwonyesha mlango uliofungwa, na chini yake pahali pa kuandika unachotaka kufanya. Rehema akaandika HODI. Simu ikanyamaza. Akaandika tena, kimya. Akaandika mara ya tatu, akangoja kwa heshima, kisha akailaza simu mezani taratibu, akainuka na kwenda zake kunywa chai.

Kevo akanigeukia. "Aunty, hii kitu ime-hang ama? Mbona ametoka?"

"Haijakwama."

"Si angeandika tu fungua? Hodi ni ya nini kwa app? Hiyo part niliitoa, ilikuwa inapoteza time."

Nilicheka mpaka nikatafuta leso. Mlango ule ule ulishawahi kumfukuza mtu mbele ya macho yangu, wakati huo Kevo bado anavaa kaptura ya shule. Nikamvutia kiti, nikamweleza habari za Mwatima.

Miaka hiyo, mwanzoni mwa elfu mbili, kazi yangu ilikuwa kutengeneza kompyuta za ofisi na kuchapa vitambulisho. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa mafunzo, kwa hiyo kila kilichosemwa ukumbini nilikisikia. Walinzi wapya walionyeshwa picha za Kiingereza ukutani: njia ya moto hii, mfereji wa kuzimia moto huu. Ukumbi ulikuwa na eisi nzuri, na watu wanaolala wanane chumba kimoja wakikutana na ubaridi wa bure hawasikilizi mtu. Walisinzia vizuri sana. Kisha walipelekwa kwenye jengo la mteja kufanyiwa mtihani wa kutembezwa na kuulizwa. Ukishindwa mara tatu, tiketi ya kurudi nyumbani.

Mwatima alikuwa ameshindwa mara mbili. Alikuwa mwanamke wa Makunduchi, Unguja, mwenye akili kama wembe na sauti ya chini. Ukimuuliza swali ameketi, anakujibu. Ukimsimamisha kwenye korido yenye milango ishirini inayofanana, ulimi unamganda. Nilimkuta siku moja amekaa kwenye ngazi za nyuma, kitambulisho chake cha muda mkononi.

"Watoto nimemwachia mama," akaniambia. "Cherehani nimeiuza. Sasa wakinirudisha, dada Wakesho, narudi kwenye nini mie?"

 Nilichokuwa nacho mimi ni kompyuta mbovu tu, ambayo mudiri, meneja wetu, alikuwa ameniambia niitupe.

Nikiwa chuoni Nairobi tulikuwa tukicheza michezo ya maneno. Msiniulize picha zilikuwaje, kwa sababu hazikuwepo. Kioo cheusi, herufi za kijani. Mashine inakwambia uko wapi na unaona nini, wewe unaiandikia unachotaka kufanya, nayo inakujibu yaliyotokea. Kwa maneno matupu ulikuwa unazunguka mahali pazima kichwani. Nikawaza, mbona nisimjengee Mwatima jengo? Nikaifufua ile kompyuta na kuanza. Kila jioni baada ya kazi niliongeza chumba: mapokezi, chumba cha mitambo, ngazi za dharura, maegesho ya chini. Vikafika vyumba ishirini na vitatu, vyote kwa Kiswahili. Nikauita Mnara. Nilijiona bingwa, sitawaficha.

Siku Mwatima alipoketi mbele yake mara ya kwanza nilisimama nyuma yake nimekunja mikono, nangoja kusifiwa. Kioo kikasema: "Umesimama mbele ya mlango wa chumba cha mapumziko. Mlango umefungwa. Maji yanatoka chini yake. Unafanya nini?"

Akatafuta herufi moja moja. HODI.

Mashine ikajibu: "Sielewi."

HODI.

"Sielewi."

ASALAM ALEKUM HODI.

"Sielewi."

Akainuka. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Hapana mwenyewe," akasema. "Nshapiga hodi mara tatu."

"Andika FUNGUA MLANGO!"

"Ala! Niingie ndani ya watu kama mwizi? Mie sikulelewa hivyo."

Wanangu, nilikasirika. Nilimfokea. Nilimwambia mashine haina mwenyewe, haina bibi, haina babu, ni mashine! Naye akanitazama kwa huruma fulani, kama unavyomtazama mtu aliyevaa nguo kinyume.

Mle ofisini alikuwamo fundi mkuu wangu, Bwana Kurian, Mhindi wa Kerala aliyekuwa ametengeneza mashine Doha tangu barabara nyingine hazijatiwa lami. Alikuwa akichoma waya hata hakuinua kichwa. Akaniuliza yule mama ameandika nini. Nikamtafsiria, na hodi nikaieleza: kwetu unapiga mara tatu, usipoitikiwa unaondoka.

"Basi mashine yako haina adabu," akasema, "na wewe unamgombeza aliye nayo."

Halafu akanipa maneno mawili ambayo nawapa ninyi bure, ingawa yeye aliyapata kwa kuunguza vitu vya watu. La kwanza: mtu anayejaribu kazi yako akikosea, wewe ndiye uliyekosea. La pili: ukimketisha mtu ajaribu, ziba mdomo, shika kalamu, andika kila anachofanya mpaka kukuna kichwa kwake. Tangu siku hiyo nilikuwa na daftari. Mkiliona leo mtacheka. Ndani yake mmejaa watu waliouandikia mlango "samahani", walioiuliza mashine kama imeamkaje, na mmoja aliyeandika "naomba kupita mzee" mbele ya lifti. Yote hayo niliufundisha Mnara. Mlango wa chumba chenye mtu ukaanza kuitika "Karibu". Wa chumba kitupu ukanyamaza hodi mbili, na ya tatu ukasema: "Hakuna anayeitika, na maji yanaendelea kutoka. Mwite mwenzako awe shahidi, kisha fungua." Na hiyo, kwa taarifa yenu, ndiyo ilikuwa kanuni ya majengo yenyewe, neno kwa neno. Ilikuwa kwenye picha za ukutani siku zote na hakuna aliyeikumbuka.

Mwatima aliporudi kuketi, mlango ukamwitikia. Aliachia kicheko ambacho sikujua anacho. Kuanzia hapo hakubanduka. Akawa anamaliza Mnara kila siku, na wenzake wakawa wanapanga foleni nyuma yake, wakimsahihisha na kusahihishwa.

Sasa niwaambie upumbavu wangu.

Wiki moja kabla ya mtihani wake wa tatu, ile kompyuta ilikufa. Ilitoa moshi mdogo, harufu kama ya ubani mbaya, basi. Sikutishika. Nilikuwa na nakala kwenye diski, kile kijisahani cha mraba cha plastiki tulichokuwa tukitumia. Diski ilikuwa wapi? Kwenye gari. Sehemu gani ya gari? Juu ya dashibodi, chini ya kioo. Mwezi gani? Wa nane.

Aliyewahi kuishi Doha ameshafumba macho. Nilipoifikia ilikuwa imejikunja kwa joto kama chapati. Nakala moja ni kama hakuna nakala, na nakala moja ndani ya gari la Doha mwezi wa nane ni dhihaka. Kazi ya miezi imekwenda, na Mwatima ana siku saba. Nilikwenda kumwambia nikiwa na machozi, na siyo ya jua.

Akaitazama ile diski, akanirudishia.

"Hicho kimekufa," akasema. "Lakini mie mnara wote ninao."

Kesho yake asubuhi nilipanda basi la kampuni linalowachukua wanaojifunza kutoka kwenye kambi za Sanaiya kuwapeleka majengoni. Mwatima alikuwa amesimama mbele, kashika chuma, anawatazama wenzake.

"Haya," akasema. "Mie ndo kompyuta. Nambieni mnafanya nini."

Barasa, mlinzi mkubwa wa Bungoma aliyekuwa akijaza viti viwili, akapaza sauti: "Nafungua mlango!"

"Sijakusikia kupiga hodi."

Basi zima likacheka. Barasa akapiga hodi, mara tatu, kwa sauti ya kuangusha ukuta.

"Hakuna anayeitika," Mwatima akasema. "Maji yanatoka."

"Naita shahidi. Nafungua. Naingia!"

"Umeukanyaga msala. Humo mna mwanamke anaswali."

"Ai! Kwani mimi ningejuaje, na hajaitika?"

"Mwenye kuswali haitiki. Viatu vyake viko hapo mlangoni, hukutazama chini. Umeshindwa, rudi mlango wa mbele."

Nilikuwa nimeketi nyuma ya dereva na daftari langu, nikaacha kuandika. Mwenye kuswali hakuwamo kwenye Mnara wangu. Viatu havikuwamo. Mwatima alikuwa ameviweka yeye, usiku kucha pengine, au pale pale. Kwa siku zile zote za wiki hakurudia jengo lile lile. Alisogeza milango, alizima taa, alimleta mtoto aliyepotea anayesema Kiarabu tu. Na kwa kuwa yeye ndiye jengo, alilazimika kujua kila kitu kiko wapi, kila mara, bila kusita. Yule mwanamke aliyeganda ulimi kwenye korido alikuwa anaziumba korido mwenyewe, basi linakwenda kasi. Hata dereva wetu, Mnepali asiyejua Kiswahili, alijifunza neno moja. Kila alipofungua mlango wa basi alisema, "Hodi!"

Nilimweleza Bwana Kurian. Akasema nimepata mashine bora kuliko ile iliyoungua, na hii haihitaji umeme.

Huo ndio ukoo wa Mnara mnaoucheza. Wa kwanza ulikuwa wa kompyuta, ukafa. Wa pili ulikuwa mdomo wa Mwatima. Wa tatu niliuandika kwenye karatasi kutoka kwenye daftari langu: ukipiga hodi nenda ukurasa wa tisa, ukiingia bila hodi nenda ukurasa wa kumi na nne ukajionee. Ule ulizunguka kambini mpaka ukaisha kingo. Wa nne ulikuwa wa ujumbe wa simu. Mtu anatuma neno, mimi namjibu kwa mkono kana kwamba mimi ni mashine, na wako waliofunga safari kutoka Al Wukair kuja kuiona hiyo kompyuta inayojua hata kutania. Walimkuta mama mmoja ana simu mbili na kikombe cha karak, chai yao ya maziwa. Wa tano ndio huo wa Kevo, wenye picha. Na Kevo, nimpe haki yake, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Zii Aunty, hapo nilikosea vibaya." Akarudisha hodi, akarudisha viatu mlangoni. Rehema alipoitwa tena aliongea na simu ile karibu saa nzima, chai ikampoa.

Lakini nimemwacha Mwatima njiani, na mtihani wake ndio kisa chenyewe.

Siku ile mkufunzi aliugua, nikatumwa mimi kuwa mkalimani. Jengo lilikuwa mnara wa ofisi karibu na Corniche, ile barabara ya ufukweni. Mtahini alikuwa mkuu wa usalama wa hapo, Msudani mrefu mwenye shughuli nyingi na shada la funguo kiunoni. Alikuwa akitembea mbele yetu kwa hatua ndefu, moja yake kwangu ilikuwa mbili. Ngazi za dharura ziko wapi? Mwatima akaonyesha. Mfereji wa kuzimia moto? Akaonyesha. Moyo wangu ukaanza kupumua.

Tulipofika ghorofa ya tisa akasimama. Akasema: chukulia umepigiwa simu, maji yanavuja kwenye chumba kile cha mwisho. Fanya kazi.

Mwatima akaenda mpaka mlangoni. Haukuwa na kibao chochote. Akagonga, akasema, "Hodi, security." Akangoja. Akagonga tena. Akangoja. Akagonga mara ya tatu, kisha akatazama chini, na hakusogea tena. Mtahini akatazama saa. Akangoja kidogo, akachomoa ufunguo.

"Yalla, yalla," akasema, akausogelea mlango.

Mwatima akanyoosha mkono akauziba mlango.

Sijui kama mmewahi kumwona mtu anayeweza kurudishwa kwao kwa neno moja akimzuia mwenye neno hilo. Mimi nilimwona. 

"Mwambie asubiri," Mwatima akaniambia, bila kuutoa mkono. "Humo mna mwanamke anaswali."

Nikatazama chini. Kando ya chungu cha ua, viatu vya kike vyeusi, jozi moja, vimepangwa vizuri. Nikatafsiri. Mtahini akapandisha nyusi, akasema kwa sauti kwamba maji yanavuja!

"Mwambie maji yake ni ya kusadikika. Yanaweza kungoja rakaa mbili."

Niliyatafsiri yote. Ningeweza kuyapunguza makali, na nilifikiria kufanya hivyo, lakini mkono ule uliokuwa mlangoni ulinitia aibu. Tukasimama hapo watatu. Sijawahi kuona dakika ndefu kama zile.

Kisha kitasa kikazunguka, akatoka mama mmoja anaiweka sawa shela yake. Alikuwa mkubwa wa ofisi zote za ghorofa ile. Akamwona mwanamume mrefu ameshika ufunguo, umebaki shubiri moja kufika tunduni. Wakatazamana. Ufunguo ukarudi kiunoni haraka kuliko ulivyotoka. Mtahini akaeleza habari za jaribio kwa Kiarabu kingi, na yule mama alikuwa anamsikiliza yeye lakini anautazama mkono wa Mwatima, ambao ulikuwa bado haujashuka. Alipomaliza, mama akavaa viatu vyake, akasema maneno machache, akaenda zake. Niliyaelewa. Alisema: huyu mniletee ghorofa hii.

Mtahini akaandika kwa muda mrefu kwenye karatasi yake. Kisha akaniambia nimuulize nani alimfundisha.

"Mwambie hapana aliyenifundisha," Mwatima akasema. "Wiki nzima mie ndo nilokuwa jengo."

Nilimwambia hivyo hivyo. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akacheka, tena kwa nguvu, akapiga muhuri.

Kwenye lifti Mwatima alilia. Alilia kwa furaha mpaka ghorofa ya chini, nami nikalia naye, tukafutana kwa kitambaa kimoja. Milango ilipofunguka akaukaza uso. "Usiseme neno," akaniambia.

Basi lilikuwa linangoja juani na wenzake wote wamo, eisi inanguruma. Akapanda kimya, akasimama pale pale mbele, kashika chuma chake, uso haukusema kitu. Wakamtazama. Barasa alikuwa ameshikilia kofia yake kwa mikono miwili. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mwishowe Barasa akasema, taratibu kabisa kwa mtu wa ukubwa wake, "Hodi."

Mwatima akanyamaza.

Wakasema watatu wanne pamoja, "Hodi."

Akanyamaza.

Mara ya tatu lilisema basi zima, na dereva naye, na mimi ambaye nilikuwa najua jibu.

"Karibuni ndani," akasema Mwatima. "Mwenyewe yupo, haendi popote."